Masika ya Mwisho ya Bi Kijakazi

Shinyanga, 14 Novemba 1952

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na paa la jiko limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Mabula alisema angeliziba wakati wa kiangazi. Kiangazi kimekwisha.

Mabula ni mume wangu, fundi wa njia ya reli. Aliposilimu ili anioe alipewa jina la Ramadhani, lakini hata Mwalimu Sefu wa msikitini humwita Mabula. Wiki iliyopita alikwenda Tabora kikazi akaniletea daftari hili. "Ulisoma miaka minne, Zuleha," alisema. "Andika chochote, mkono usisahau." Basi naandika.

Tunakaa na Bibi, nyumbani kwake, ng'ambo ya stesheni. Vyumba viko nyuma. Mbele ni hoteli yetu: mabenchi, meza mbili, na meko uani. Anayeshuka kwenye treni akielekea machimbo ya Geita hula hapa kabla ya kutafuta lori. Wamanyema, Wahaya, Waha, Wanyakyusa, wote hufika wakiuliza kwa Bi Kijakazi ni wapi.

Bibi si bibi yangu wa damu. Mama yangu alishuka kwenye treni akiwa na homa, mimi nikiwa mgongoni, akafia katika chumba cha uani cha Bi Kijakazi bila mtu kujua alikotoka. Bibi akasimamia mazishi yake, akanichukua. Asili yangu naijua mpaka hapo tu, na inanitosha.

Miguu yake imevimba. Anasema ni baridi.

17 Novemba

Mvua. Kuni zimelowa, moshi mtupu. Wateja wachache.

20 Novemba

Bwana Muhidini kaja. Ndiye mwenye duka kubwa la nguo karibu na msikiti, na ndiye mzee wa watu waliotoka pwani na Tabora. Kaja na mwavuli wake mweusi, kasimama mlangoni bila kuingia.

"Bi Kijakazi, Maulidi imekaribia. Tunakutegemea kama kawaida."

"Nitakuja, baba," Bibi akasema.

Kila mwaka ndiye anayepika pilau ya Maulidi kwa Muhidini. Hupika uani tangu alfajiri. Wanawake wa familia hukaa ukumbini kwenye mikeka, wanasoma, wanakula. Yeye hula huko huko uani na wachota maji. Mji mzima unajua sababu. Babu yake Muhidini, mzaa mama, Bwana Hemedi wa Tabora, ndiye aliyemnunua Bibi alipokuwa mtoto.

Muhidini alipoondoka nilishindwa kunyamaza. "Bibi, mpaka lini utawainamia watu hawa?"

Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kuchekesha. "Nani kakwambia nawainamia? Ukipika pilau ya watu wengi lazima uiname. Sufuria liko chini."

22 Novemba

Bado nina hasira naye. Nimeosha vyombo kwa kishindo. Jioni kanipa paja la kuku.

30 Novemba

Maulidi. Lazima niandike yote.

Bibi alipika kama kila mwaka, mimi nikimchochea moto. Pilau ilipoiva akanawa, akavaa kanga mpya aliyokuwa ameificha kwenye kikapu, akajipaka mafuta mazuri, akanishika mkono. Nilidhani anataka kwenda nyumbani. Kumbe aliingia ukumbini, akapita katikati ya wanawake waliokaa, akaketi mkeka wa mbele kabisa, kando ya Bi Zamoyoni, mama yake Muhidini. Bi Zamoyoni ndiye binti wa yule Bwana Hemedi.

Wasomaji walinyamaza. Mmoja wa wakwe wa Bi Zamoyoni akasema, kwa sauti tamu, "Bi Kijakazi, na jikoni kabaki nani?"

"Sufuria," Bibi akajibu.

Kuna aliyecheka, akafunika mdomo. Bi Zamoyoni alitazama mbele, akasogeza magoti yake. Sikujua kama alikuwa anampa nafasi au anamkwepa. Niliamua anamkwepa, kwa sababu sijawahi kumpenda mama yule. Tulikaa mpaka mwisho. Tuliletewa pilau kwenye sinia, na Bibi akaionja akasema chumvi imekolea vizuri.

Njiani nilimuuliza kwa nini mwaka huu.

"Miguu iliniuma. Mkeka wa mbele una mto." Tulitembea kidogo, akapumzika kwenye ukuta wa duka. "Na wewe nilitaka uone kwamba sakafu ile ni saruji tu, kama ya stesheni."

5 Desemba

Tumempeleka Kolandoto, hospitali ya misheni, kwa lori la pamba. Daktari kamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Moyo umechoka, kasema. Apumzike, asiiname motoni. Kampa vidonge. Bibi kauliza wagonjwa wanapikiwa na nani, na kabla hatujaondoka alikuwa ameshafika jikoni kwao kusalimia. Mpishi ni mama wa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu," wakasalimiana, wakaongea hadi dereva akapiga honi.

8 Desemba

Hajapumzika.

13 Desemba

Mvua siku nzima. Lori la Geita limekwama mbugani, abiria wamerudi kwa miguu, tope mpaka kiunoni. Tumewapa uji. Bibi aliusimamia akiwa amekaa kwenye kiti, fimbo mkononi, akielekeza kama msimamizi wa barabara.

19 Desemba

Muhidini kaja tena, safari hii na tende na sukari. Kaingia ndani, kaketi. Kamuuliza Bibi hali kwa upole, na nilikuwa karibu kumwonea huruma, maana mgeni mwenye upole ni vigumu kumchukia. Halafu akasema lililomleta.

"Bi Kijakazi, sote tunakwenda njia moja. Siku ikifika, usiwe na wasiwasi. Utatolewa nyumbani kwangu. Matanga yatakaa kwangu, watu watakuja kutupa pole sisi. Wewe ni mtu wa nyumba yetu."

"Mtu wa nyumba yenu kwa vipi?"

"Babu alikulea."

"Babu yako alininunua kwa mtama, mwaka wa njaa. Kulea ni kitu kingine. Zuleha huyu nimemlea."

Muhidini akazungusha kofia yake mikononi. "Lakini alikuacha huru. Huo ulikuwa wema, na wema hauvunji undugu."

Bibi akacheka hadi akakohoa. Nikamletea maji, akayakataa kwa mkono.

"Hakuniacha, Muhidini. Mimi ndiye niliyemwacha. Mwaka ule Wabelgiji walipoingia Tabora, babu yako alijifungia ndani akiogopa bunduki. Mimi nilikuwa uani, natwanga. Nikaweka mchi chini, nikatoka mlangoni, mlango wa mbele, nikaenda. Hakuna aliyenipa ruhusa wala karatasi. Kwa hiyo nitatokea hapa, mlangoni mwangu. Ukipenda kuja, karibu. Benchi lipo."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Mlangoni akanigeukia mimi: "Watu wa mji huu wanajua pa kwenda kutoa pole. Msije mkaaibika."

Bibi akala tende. "Nzuri," akasema. "Za Maskati hizi."

26 Desemba

Jirani yetu Mama Ignas, Mkatoliki, jina lake Philomena, ametuletea wali wa Krismasi. Tumekula watatu, mvua ikipiga bati. Bibi hakuwa na nguvu ya kukaa, lakini alikuwa na nguvu ya kusema, na leo kanieleza mambo ambayo kila nikimuuliza huwa ananiambia nikaangalie maharage.

Alizaliwa Usumbwa. Hajui mwaka, ni ule ng'ombe walipokufa wote. Mjomba wake alimpeleka njiani kulikokuwa na msafara, akarudi na mtama. Mama yake anamkumbuka kwa sauti tu. "Nilikuwa namwita mayu. Jina lake sina. Nilikuwa nalo, likanipotea pale Tabora." Aliposema hivyo aligeukia ukutani, na Mama Ignas akashika mguu wake ulio karibu, akausugua taratibu.

Baada ya kutoka kwa Bwana Hemedi aliuza uji kwa wapagazi. Reli ya kwenda Mwanza ilipoanza kujengwa alifuatana na kambi za wajenzi akiwapikia, kituo hadi kituo, na ilipofika Shinyanga akachoka kufuata. Akanunua kiwanja. Dhahabu ilipoanza kuvuma upande wa Geita akaenda huko na sufuria zake, akapika machimboni misimu kadhaa, akarudi na bati za nyumba hii. Kuhusu huko machimboni kasema tu, "Kulikuwa na mbu."

Mama Ignas akamuuliza, "Bibi, mbona hukubadili jina? Kijakazi si jina la kumwita mtu mzima."

"Walinipa ili nilionee haya. Sasa mtu anatoka Bukoba, anatoka Kigoma, anashuka kwenye treni anauliza, kwa Kijakazi ni wapi? Anaonyeshwa nyumba ya bati. Nibadili ya nini?"

2 Januari 1953

Mabula hajalala nyumbani. Maji yameng'oa tuta la reli kaskazini ya mji. Treni imesimama hapa, imejaa wachimbaji waliokuwa wanarudi kutoka likizo.

3 Januari

Barabara nayo imekatika. Wachimbaji wamejaa kila baraza. Tunapika mara tatu kwa siku.

6 Januari

Bibi hali chakula. Anaomba maji tu. Kaniuliza kama wachimbaji wameshiba. Nimesema ndiyo.

10 Januari

Bibi amefariki jana, Ijumaa, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Alisema, "Angalia moto." Nikageuka kuangalia, kwa mazoea. Nilipomrudia alikuwa amekwenda.

Nitaandika jana ilivyokuwa, ingawa macho yananiuma.

Kabla ya saa tatu mtu wa Muhidini alikuwa mlangoni. Turubai limeshafungwa kwa Bwana, alisema, mchele umeshapimwa, mwili uletwe. Nikamwambia Bibi atatokea hapa. Akasema, "Bwana anasema mkikataa, asilaumiwe mtu asipokuja." Nikamwambia Bwana asilaumiwe.

Nilisema kwa ujasiri, lakini alipoondoka nilianza kufikiria nani atakuja. Nusu ya wenye maduka hapa wanachukua mali kwa Muhidini. Wanawake wao hufanya wanavyofanya wanawake wa nyumbani kwake. Na mvua ilikuwa inamwagika kana kwamba mtu amepindua pipa. Nikatandika mikeka yote tuliyonayo, Mabula akasogeza mabenchi nje chini ya ukingo wa bati, tukakaa. Mikeka mitupu ni kitu kibaya kukitazama.

Wa kwanza alikuwa Mama Ignas, na mzigo wa kuni kavu aliouficha ndani ya gunia. "Shikilia huku," akasema, hakusema pole, akaenda moja kwa moja mekoni. Kisha wakaja wauza michembe, viazi vilivyokaushwa, wa sokoni, kina mama wa Kisukuma, wamejifunika majani ya migomba. Waliketi wakaanza kulia kwa sauti kama wanavyolia kwao. Nikahesabu mikeka iliyobaki mitupu, halafu sikuhesabu tena, kwa sababu wachimbaji walikuwa wanafika. Walitoka stesheni kwa mstari, Wakristo na Waislamu, viatu mkononi. Mbele yao alikuwa mtu mnene mwenye kovu kwenye paji la uso.

"Mimi naitwa Cornel," akamwambia Mabula. "Kaburi limeshachimbwa?"

"Bado. Maji yanajaa."

"Kazi hiyo tuachie sisi."

Wakachukua majembe wakaenda makaburini. Udongo wa mbuga ukilowa hauna ukuta. Kila walipochimba ukaanguka. Mabula ananiambia waliomba mbao za reli wakaegemeza kila upande, kama wanavyofanya chini ya ardhi, wakateka maji kwa ndoo, na kaburi likasimama wima, safi.

Nyumbani tulikuwa tunatayarisha maji ya kumwosha ndipo wanawake walio karibu na mlango walipogeuka kutazama nje. Nikatazama. Bi Zamoyoni alikuwa anavuka uwanja wa stesheni kwa miguu, peke yake, bila mwavuli, buibui limelowa limemshika mwilini, na tope limemfika kwenye mashavu ya miguu. Mama yule hajawahi kuonekana akitembea mjini. Alifika, akashika nguzo ya mlango akivuta pumzi.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni," nikasema, kwa sababu sikujua la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akavua viatu. "Nani anamwosha?"

"Mimi na Mama wa Mwalimu Sefu."

"Nitamimina maji mimi."

Akamimina. Hakumwagilia pasipotakiwa. Alimfuta Bibi uso kwa ncha ya ukaya wake mwenyewe.

Tulipomaliza na sanda ikafungwa, Mwalimu Sefu akaja upande wa pili wa pazia. Alitaka jina la mama wa marehemu, la kumwita nalo kaburini. Nikasema hatulijui. "Basi tutasema binti Hawa," akasema, "kama wanavyoitwa wasiojulikana." Akawa anageuka.

"Binti Milembe," Bi Zamoyoni akasema.

Mwalimu akasimama.

"Milembe," akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi nje kwa wanaume. "Siku alipoletwa kwetu tulikuwa wa kimo kimoja. Walimpa mkeka chini ya kitanda changu. Nikamuuliza, mama yako nani? Akaniambia, Milembe. Alikuwa akiliita kila siku mpaka baba akakataza. Yeye alilisahau kwa sababu ya kupigwa. Mimi sikupigwa."

Nilitaka kumshika huyu mama mabega nimtikise, nimuulize amekaa nalo miaka yote hiyo kwa nini. Nilitaka pia kumbusu mkono. Sikufanya lolote. Nje nikamsikia Mwalimu Sefu akiwaambia wanaume: "Kijakazi binti Milembe," na wao wakilirudia mmoja kwa mmoja ili wasilikosee.

Alitokea mlangoni mwake, mlango wa mbele. Walikuwa wengi hata jeneza likapita juu ya mikono bila mtu kulazimika kutembea nalo. Mabula anasema walipofika kwenye duka kubwa, Muhidini alikuwa amesimama chini ya turubai lake na watu wachache. Alitazama. Kisha akavua viatu, akaingia kwenye tope, akaweka bega chini ya jeneza, na hakulitoa mpaka makaburini. Sikumtegemea. Naandika kwa sababu ni kweli.

11 Januari

Matanga. Watu hawapungui. Leo Cornel kasimulia mbele ya wote mambo ya machimboni.

Yeye alikuwa kijana katika mgodi mdogo wa mzungu mmoja, ng'ambo ya Geita, masika fulani kabla ya vita. Ukingo wa shimo ukaanguka, watu saba wakabaki chini, Cornel mmojawapo. Msimamizi akasema ardhi bado inacheza, hakuna kushuka mpaka mvua ikatike. Wachimbaji wakarudi kambini wakapanga mstari wa chakula. Bibi alikuwa amesonga ugali tayari. Akalifunika sufuria, akakaa juu ya kifuniko.

"Akawaambia, leo wanaoanza kula ni wale saba. Wakiletwa, nafungua. Msimamizi akamfokea, akamwambia atamfukuza. Akasema, nifukuze, lakini niondoe kwanza hapa. Na mnajua alivyokuwa, haondoleki." Watu wakacheka na kulia pamoja. "Wenzetu wakaona aibu, wakachukua majembe. Tulitolewa wanne tuko hai. Alitupakulia kwa mkono wake. Watatu wengine aliwaosha yeye, Mkristo na Mwislamu, alipomaliza ndipo akala."

Mabula akaniuliza kwa macho kama nilijua. Sikujua. Kulikuwa na mbu, aliniambia.

23 Januari

Reli imetengenezwa. Wachimbaji wamekwenda. Cornel kaacha mbao walizoegemezea kaburi, zikaushwe ziwe kuni zetu.

4 Februari

Mvua ndogo. Nimefungua hoteli. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na madonge, hakuna aliyelalamika.

18 Februari

Arobaini. Muhidini kaleta mchele na mbuzi, kauliza kwa adabu, "Niviweke wapi, Bi Zuleha?" Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. Nimemwonyesha. Kisomo kimefanyika hapa, mikeka ya mbele kakaa aliyewahi.

27 Februari

Bi Zamoyoni kaja tena, kama kila Ijumaa. Leo nilimuuliza kwa nini hakumwambia Bibi alipokuwa hai. Kasema, "Kila Maulidi nilisema leo nitamwita aje ndani nimwambie. Nikawaangalia wakwe zangu, nikaogopa. Maulidi iliyopita alipokuja mwenyewe akakaa kando yangu, ulimi ukaniganda." Akakunja ncha ya ukaya wake. "Nilimsogezea nafasi. Sijui kama aliona."

Nimemwambia aliona. Sina hakika, lakini nadhani Bibi hakuwa anakosa kitu.

20 Machi

Mvua zinaisha. Barabara ya Geita imefunguka na malori matano yameondoka leo, wateja walijaa hadi nje. Bi Zamoyoni alikuwa uani kama kawaida. Nilipotoka na vyombo nikamkuta ameinama, mikono ya buibui ameikunja, anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nikamwambia, "Aa, bibi, acha, nitaosha mimi." Akasema niende nikawahudumie watu.

Muhidini akaja kumchukua. Alisimama kwenye kizingiti cha uani na mwavuli wake uliofungwa, akamwona mama yake amepiga magoti kwenye majivu.

"Mama," akasema polepole. "Twende nyumbani."

"Ngoja nimalize."

"Mama, watu wanaona."

"Waone," akasema Bi Zamoyoni, akaligeuza sufuria upande wa pili. "Kaa ule. Zuleha, mpakulie mwanangu."

Nikampakulia. Hakukuwa na nafasi isipokuwa kwenye benchi, kati ya wachimbaji wawili wa Kiha wenye tope la safari. Walijibana. Muhidini akaweka mwavuli chini ya meza, akanawa, akala.